Mwigizaji na Nchi ya Pamba

Msafiri atokaye mjini Bariadi akashika njia ya kusini hata akaingia wilaya ya Itilima, akafika kata ya Zagayu katika miezi ya kiangazi, wakati pamba imekwisha kuchumwa na miti yake imesimama mikavu mashambani, mtama umekwisha kupurwa, na viazi vimekatwa vikaanikwa juani viwe michembe, ataiona nchi iliyotua mzigo wake: mbuga pana za udongo mweusi, ng'ombe wengi, na watu waliopata nafasi ya kutazamana. Ni katika miezi hii, tangu zama za mababu, watu wa Usukuma walipokuwa wakitoka majumbani mwao kwenda kumtazama mtu mmoja akijigeuza kuwa mwingine mbele ya macho yao. Habari ya waigizaji wa sinema na televisheni naianzia hapa, wala siianzii Dar es Salaam au Nairobi, kwa sababu yule ambaye maziko yake yalilitikisa jiji la Dar es Salaam mwezi wa Aprili 2012 alizaliwa katika mkoa ambao Zagayu ilikuwa sehemu yake, na kwa sababu nina yakini kwamba kazi aliyoifanya mbele ya kamera haikuwa ngeni katika nchi iliyomzaa. Kilichokuwa kigeni ni chombo, na mkataba.

Ngoma kwa Kisukuma ni mbina, walakini adhaniye kwamba mbina ni kupiga ngoma na kuruka tu amekosa nusu ya maana. Vyama vikuu viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo yanasema vilitokana na mafundi wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha, viliigawa Usukuma pande mbili, hata kijiji kimoja, na pengine ukoo mmoja, ukawa na wafuasi wa huku na wafuasi wa kule. Baada ya mavuno vyama hivi vilikutana uwanjani, kila kimoja kikashika mahali pake, vikaanza kucheza kwa wakati mmoja. Wala hakukuwa na hakimu mwenye karatasi na kalamu, maana hukumu ilitolewa na miguu ya watazamaji wenyewe, na chama kilichovuta umati mkubwa ndicho kilichoondoka na ushindi. Kwa ajili hiyo kila kiongozi wa ngoma alitafuta jambo ambalo mwenzake hanalo. Bayeye walicheza na nyoka, chatu na wenye sumu pia. Wacheza bugobogobo walichezesha majembe hewani kama kwamba chuma hakina uzito. Wengine walichonga sanamu za miti zenye viungo vya kupindika, wakazichezesha mbele ya umati. Wengine waliiga mnyama, au mtu, au tabia ya watu, hata mtazamaji akacheka kwa kumtambua jirani yake. Na juu ya ufundi huo wote palikuwa na dawa, ambazo waganga wa vyama walizitengeneza makusudi ili umati uvutwe huku usiende kule.

Mtunzi na mwimbaji wa ngoma aliitwa ningi, na cheo chake kati ya watu hakikuwa kidogo. Nyimbo zake zilibeba jina lake, zikasafiri kutoka utemi mmoja hadi mwingine zikilitangaza, na aliyeimba utungo wa mwenzake alijulikana kuwa ameazima. Alikuwa na walimu wake, na chama chake, na wafuasi waliomlisha akisafiri na kumtetea akishambuliwa kwa maneno. Haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu watu wengi waandikapo habari za sinema katika Afrika ya Mashariki huandika kana kwamba kabla ya kamera hapakuwa na kitu, kana kwamba mzungu alileta pamoja na mashine yake hata ule uwezo wa kujifanya mwingine. Mashine alileta, na shukrani apewe kwa hiyo. Lakini uwezo aliukuta.

Kamera ya kwanza iliyowatafuta watu wa Tanganyika wawe waigizaji ilisimikwa mbali na Usukuma, huko Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Mwaka 1935, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya New York na kwa rai ya wamisionari, ulianzishwa mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa zamani msimamizi wa mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mtu wa elimu. Katika muda wa miaka miwili, hata 1937, mpango huo ulitengeneza filamu 35 fupi, juu ya safura, mmomonyoko wa ardhi, kodi, benki ya akiba ya posta, na kilimo cha kahawa, zikapakiwa katika lori pamoja na mashine ya umeme na kuonyeshwa kwa maelfu ya watu katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ilitoka katika sahani za santuri zilizopigwa kando, na maneno yakabadilishwa kwa lugha ya mahali. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida wa pale pale na wa jirani, waliofundishwa wafanye hivi na hivi mbele ya kamera, wakafanya, wakarudi majumbani mwao. Majina yao hayakupata nafasi. Mtu alikuwa mfano wa mwenye minyoo, au mfano wa mlipa kodi mwema, wala hakuwa fulani bin fulani aliyeigiza vizuri. Na filamu zenyewe nyingi zimepotea. Zilizosalimika katika hifadhi za Uingereza ni za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Habari ya pili inaugusa upande wetu kwa karibu zaidi, ijapokuwa walioitengeneza hawakuutaja. Katika mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka katika wilaya ya Maswa, ambayo zamani ilikuwa pamoja na nchi ya Bariadi na Itilima ya leo. Na serikali ya Waingereza, ikiongozwa katika jambo la mbung'o na Charles Swynnerton, aliyeweka makao ya utafiti wake Shinyanga, ikawahamisha watu kutoka katika mapori na kuwakusanya mahali pamoja, na kuwaitisha wafyeke misitu kwa maelfu. Hamahama hiyo iliacha alama katika kumbukumbu za koo nyingi. Miaka 20 na zaidi baadaye mtengenezaji wa sinema wa Uingereza, Thorold Dickinson, alikuja Tanganyika wakati wa vita kuu ya pili kupiga baadhi ya picha za Men of Two Worlds, iliyotoka mwaka 1946, na kisa chake ni hicho hicho: kijiji cha Tanganyika kinatakiwa kihame kwa ajili ya malale, bwana shauri anasisitiza, mganga anapinga, na kijana wa kijiji, Kisenga, aliyekaa Ulaya akawa mpiga piano, anarudi na kusimama katikati. Kisa kilikuwa chetu kabisa. Lakini Kisenga aliigizwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana ya Waingereza, na mganga Magole aliigizwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Wote wawili mafundi wakubwa wanaostahili heshima, na wote wawili wakiwa wageni katika nchi waliyoiwakilisha. Mtanganyika katika filamu hiyo alikuwa sehemu ya mandhari, pamoja na milima na mawingu.

Baada ya hapo kamera ilikuja tena na tena mlangoni pa Usukuma, na kila mara ilikuwa inamtafuta mnyama. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi ikiendelea, walitengeneza filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar; na mwaka 1962 ikatoka Hatari! ya Howard Hawks, ambayo John Wayne na wenzake waliipiga upande wa Arusha wakikimbiza vifaru na twiga kwa magari. Mipaka ya pori la akiba la Maswa na mbuga ya Serengeti haiko mbali na mashamba ya Itilima, na ng'ombe wa Zagayu na nyumbu wa Serengeti wanakunywa mvua za mawingu yale yale. Ulimwengu mzima ukamjua nyumbu kwa sura na kwa tabia. Mchungaji aliyekuwa upande wa pili wa mpaka hakujulikana hata kwa jina la kabila lake.

Ni sawa basi kusema kwamba kazi ya mwigizaji wa sinema, kwa maana ya mtu mwenye jina ambaye watu wanatoka kwenda kumtazama yeye, ilianza Tanganyika katika miaka ya 1950 na kijana mmoja mtumishi wa serikali. Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa 1926 upande wa Songea, akasoma Tabora, na baada ya masomo akaajiriwa serikalini. Na serikali ya ukoloni ilipofanya shauri na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, Kawawa akawa mwigizaji wake mkuu. Mwaka 1952 alionekana katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aingiaye mjini na kunaswa na walaghai, na akaonekana tena katika Chalo Amerudi. Filamu hizi zilitembezwa kwa gari la sinema, likasimama jioni penye uwanja, nguo nyeupe ikatandazwa, na watu wakakaa chini pande zote mbili, wengine wakiitazama picha kwa nyuma. Kwa mara ya kwanza mtazamaji alimsikia mtu wa sura yake akisema kwa lugha yake, akidanganywa kama yeye anavyoweza kudanganywa, na akamcheka kwa huruma. Yule kijana hakukaa sana katika kazi hiyo. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sidhani kama iko nchi nyingine ambayo nyota wake wa kwanza wa sinema alishika hatamu za serikali miaka 10 tu baada ya kuonekana katika kitambaa cheupe; na mtu aliyezoea kusimama mbele ya umati na kuushika moyo wake hakuwa amepoteza wakati wake katika sinema.

Yaliyofuata baada ya uhuru nitayapita kwa haraka, maana kwa mwigizaji wa sinema yalikuwa machache. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikatoa Fimbo ya Mnyonge katikati ya miaka ya 1970 kusifu maisha ya vijiji vya ujamaa, na filamu nyingine chache baada yake. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hata 1994, kwa kuwa serikali iliona ni anasa ambayo nchi maskini haina haki ya kujipa. Waigizaji walikuwapo, na walikuwa wazuri, lakini makao yao yalikuwa jukwaani na redioni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifundisha sanaa za maonyesho, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981, na katika Redio Tanzania vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi viliwafanya watu wa bara yote wacheke kwa wakati mmoja. Wasomi hao wa jukwaa walipopata kamera walionyesha uwezo wao. Profesa Amandina Lihamba, aliyefundisha chuoni hapo kwa miaka mingi, aliigiza kama Samehe katika Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka 2001, na hiyo ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Ukimtazama Lihamba katika filamu hiyo, akikaa kimya muda mrefu na kusema yote kwa macho, utaelewa kwamba uhaba wa filamu katika miaka ile haukutokana na uhaba wa vipaji.

Mwaka 1994 mlango ulifunguka. Televisheni za watu binafsi zilianza Dar es Salaam, ITV ikiwamo, na kituo cha televisheni kina njaa isiyoshiba: kila wiki kinataka kitu kipya. Vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikicheza katika kumbi na mabaa vikaitwa studioni, na kati ya hivyo Kaole Sanaa Group ilipata jina kuliko vyote. Michezo yake ya kuendelea, ambayo watazamaji waliifuata wiki kwa wiki kwa majina kama Jahazi na Tufani, ilikuwa shule ya kizazi kizima cha waigizaji: Vincent Kigosi aliyeitwa Ray, Blandina Chagula aliyeitwa Johari, na wengine waliokuja kuwa mabwana na mabibi wa soko la filamu. Mtu alijifunza kwa kufanya, kama mwanafunzi wa ningi. Na filamu ya Girlfriend ilipotoka 2003, ikapigwa kwa kamera ya video, ikanakiliwa katika kanda na kuuzwa madukani, waigizaji hao wakagundua kwamba hawahitaji tena kungoja kituo cha televisheni kiwaite.

Katika Kaole, mwaka 2002, aliingia kijana wa Kisukuma, Steven Charles Kanumba.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 katika mkoa wa Shinyanga, mkoa ambao wakati ule ulichukua nchi yote ya Bariadi, Maswa na Meatu, na Zagayu ndani yake. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, akapita Mwadui, penye machimbo ya almasi, kisha akaenda Dar es Salaam na kumaliza masomo yake Jitegemee. Kiswahili chake kilikuwa safi na chepesi, chenye ile lafudhi ya bara ambayo watu wa pwani huitambua kwa silabi mbili, naye hakuificha. Alikuwa mrefu, mwenye sura ya kupendeza kamera, na alikuwa na kipaji kimoja ambacho waigizaji wa kiume wa wakati wake walikikosa au walikionea haya: aliweza kulia. Katika filamu za Kitanzania za miaka ile mwanamume alikuwa wa kupiga kelele, kutongoza, kupigana au kuchekesha. Kanumba alileta mwanamume anayeumia, akakaa mbele ya kamera na maumivu yake bila ya haraka, na wanawake waliokuwa ndio wengi wa watazamaji wakamwamini. Baadaye, alipoigiza pamoja na watoto wadogo katika This Is It na Uncle JJ, alijua kunyamaza mtoto aseme, jambo ambalo mwigizaji mwenye majivuno haliwezi.

Mwaka 2006 alionekana katika Dar 2 Lagos, filamu iliyowakutanisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria, na hapo jina lake likavuka mipaka. Filamu za Nigeria zilikuwa zimejaa wakati huo katika kila duka la kanda kutoka Mombasa hadi Bukavu, na waigizaji wetu walizitazama kwa wivu na kwa kujifunza. Kanumba hakuona haya kujifunza waziwazi, akaalika mafundi wa Lagos, akaenda kwao, na mwaka 2011 akatoa Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great, akawa mtunzi, mwelekezi, mtengenezaji na mwigizaji katika mtu mmoja. Alipokwenda Afrika Kusini mwaka 2009 kama mgeni katika shindano la Big Brother Africa, walikuwako nyumbani waliomcheka kwa Kiingereza chake. Kicheko hicho kilinihuzunisha wakati ule, na bado kinanihuzunisha, maana mtu huyu alikuwa anawapa mamilioni kazi kwa lugha yao, na hao hao wakamdai aifanye kwa lugha ya wengine. Kweli, filamu zake nyingi zilibeba majina ya Kiingereza, na hilo nalihesabu kuwa kosa la soko zima la wakati wake; lakini ndani ya filamu watu walisema Kiswahili, na mojawapo, Kijiji cha Tambua Haki, ilibeba jina la Kiswahili pia.

Jinsi filamu hizi zilivyofika Usukuma ni habari yenye thamani yake. Zilitoka Dar es Salaam kwa sanduku, zikapanda basi usiku kucha hata Shinyanga au Mwanza, zikagawanywa kwa wachuuzi, na siku ya mnada zikatandazwa juu ya turubai kando ya vitenge, sufuria na dawa za mifugo, filamu moja ikiwa katika diski mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Wengi hawakununua. Walikwenda katika banda la video, nyumba ya miti na mabati au ya magunia yaliyoshonwa pamoja, jenereta likinguruma nje, mabenchi ya ubao ndani, na televisheni moja ndogo juu ya meza mbele. Katika mabanda hayo filamu za Wachina na za Marekani zilikuwa na mfasiri, mtu wa kipaza sauti aliyeeleza kisa kwa Kiswahili na kutia viungo vyake mwenyewe, kazi iliyompatia umaarufu mkubwa Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Filamu ya Kanumba haikuhitaji mfasiri. Bibi asiyejua kusoma, aliyeuza pamba yake asubuhi, aliweza kukaa benchi moja na mjukuu wake na kuelewa kila neno, na kumhukumu mwigizaji kama alivyowahukumu Bagika na Bagalu katika ujana wake: kwa kukaa, au kwa kuondoka.

Mwezi wa Machi 2012 serikali ilitangaza mkoa mpya wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, makao yake Bariadi, na Itilima ikawa wilaya, Zagayu ikiwa moja ya kata zake. Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Mambo ya usiku ule yalikwisha katika mahakama, wala sina haja ya kuyarudia. Nataka kusema juu ya tarehe 10, siku ya maziko. Jeneza lililazwa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni. Umati ulikadiriwa kuwa zaidi ya watu 30,000. Watu walizimia, wakabebwa. Rais Jakaya Kikwete alikuwa amekwenda msibani kutoa pole, na Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal alihudhuria maziko. Kanumba hakuwa waziri, wala shehe, wala askofu, wala mpigania uhuru. Alikuwa mwigizaji, mtoto wa nchi ya pamba, na umati ulikuja kwa miguu yake wenyewe kutoa hukumu ambayo zamani ilitolewa uwanjani.

Lakini umati hauachi urithi. Baada ya msiba watu walianza kuuliza mali ya mtu huyu iko wapi, na jibu lilifumbua macho ya wengi. Katika soko la filamu la miaka ile mtengenezaji alipomaliza kazi yake aliipeleka kwa msambazaji, akapewa fedha mara moja, na kwa fedha hiyo haki zote za filamu zikahama, pamoja na kanda mama yenyewe. Filamu ikiuzwa nakala elfu au nakala laki, ikionyeshwa leo au baada ya miaka 20, aliyeiigiza hana chake. Hata msambazaji naye aliliwa na wezi wa kunakili, waliotoa diski moja yenye filamu kumi kwa bei ya moja. Kwa hiyo mwigizaji alilazimika kuigiza filamu nyingi, upesi, moja juu ya nyingine, si kwa tamaa bali kwa sababu ya jana ilikuwa imekwisha kuliwa. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1999. Kilichokosekana ni mtu wa kumkalisha kijana wa miaka 20 chini na kumsomea karatasi kabla hajatia sahihi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba: Hussein Ramadhani, aliyeitwa Sharo Milionea, alifariki katika ajali ya gari huko Muheza Novemba 2012, na Juma Kilowoko, Sajuki, akafariki kwa maradhi mwanzoni mwa Januari 2013. Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyekuwa amechekesha watu tangu utoto wake, katika jukwaa, kanda, diski na matangazo ya biashara, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018 habari za mikataba yake zilisikika hata serikalini, na waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo huo, baada ya kazi ya nusu karne na zaidi. Naona ni jambo la kuaibisha taifa kwamba mtu aliyejulikana na kila mtoto wa Tanzania alihitaji kulala kitandani ndipo karatasi zake zisomwe.

Nikimlinganisha ningi wa zamani na mwigizaji wa kioo, simwonei wivu yule wa zamani kwa mambo yote. Naye alikuwa na njaa zake, na ushindani wa dawa ulileta hofu na chuki kati ya majirani. Lakini wimbo wake uliitwa wimbo wake mpaka alipokufa na baada ya kufa, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuununua kwa siku moja na kuondoka nao. Leo mambo yamebadilika kwa sehemu. Vituo vya televisheni vinavyolipiwa hununua tamthilia za Kiswahili na kuwalipa waigizaji kwa vipindi, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na kupata tuzo Ouagadougou. Umeme umefika katika vijiji vingi vya Simiyu, banda la video limepungukiwa na wateja, na kijana wa Zagayu anatazama filamu katika simu yake akichunga. Mabadiliko hayo nayafurahia. Ila katika kuhama huku kutoka kanda hadi diski, na kutoka diski hadi simu, kazi za mwanzo zinapotea kama zilivyopotea filamu za Vugiri.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, pana jengo lililotengwa kwa ajili ya vyama vya ngoma, na humo vyombo vya Bagika na Bagalu vimewekwa ili mtoto wa leo aone babu zake walivutaje watu. Mwigizaji wa Kisukuma aliyevuta watu wengi kuliko wote anastahili rafu katika nyumba kama hiyo. Kwa hiyo wewe msomaji wa Zagayu, wa Bariadi, wa Maswa, wa Meatu, ambaye katika sanduku la nyumbani, chini ya nguo za marehemu bibi, mna kanda ya mchezo wa Kaole au diski ya Kanumba yenye mikwaruzo, usiitupe wala usiwape watoto waichezee. Ifute vumbi, iandike jina na mwaka, uiweke mahali pakavu, na ukienda Mwanza uichukue.